Debe la Maji Kabla ya Sakafu

Siku nilipowakabidhi benchi langu hapa karakanani Lamadi, vijana wangu, mlinicheka. Mliiga jinsi ninavyopiga magoti mbele ya boti na debe la maji kabla ya kupigilia ubao wa kwanza wa sakafu, na jinsi ninavyotaka mtu asimame nyuma kwenye pampu anijibu. Mmoja wenu akaigiza hadi kikohozi changu. Kisha yule mrefu akauliza kwa adabu kama hiyo ni dawa ya kienyeji au ni dini.

Si dawa wala si dini. Ni aibu. Nimekaa nayo miaka mingi, na sasa daktari amenikataza vumbi la mbao, nina mikono mitupu na muda mwingi, kwa hiyo naiandika. Nitataja majina ya waliohusika. Wawili kati yao bado wanatembea Bariadi na wanasalimiwa vizuri sana. Mishahara na vyeo sitaandika. Mishahara yenyewe haikuwa ya kuandikwa. Nilisoma mpaka darasa la nne kule Shishiyu, ng'ombe wa baba wakanitoa shuleni, hivyo mkikuta sentensi imekaa upande iacheni ilivyo, haibebi mzigo.

Useremala nilianzia Bariadi, kwenye karakana ya kiwanda cha kuchambua pamba. Siku ya kwanza nyapara alinipa mbao mbili na randa, akasema nizifanye zikutane. Nikaranda asubuhi nzima. Mchana akaziweka pamoja, akazinyanyua juu, akaweka jicho. Akaona mwanga. Akazitupa kwenye rundo la kuni akanipa nyingine mbili. Siku ya tatu hakuona mwanga, akaziweka benchini akaenda zake, na hapo ndipo nilipojua nimeajiriwa.

Kule hatukufunga mbao kwa uzuri. Tulifunga kwa hofu. Nyuzi za pamba huingia popote penye upenyo, zinalala humo mwaka mzima zikikauka, na cheche moja ya mashine inatosha kuondoka na ghala. Mbegu nazo hivyo hivyo, ukiacha tundu la ukubwa wa kidole unakuta nusu gunia chini ya sakafu na panya wamehamia na familia zao. Ikawa kazi yangu kuziba. Nilikuwa na kopo la lami na mfuko wa pamba chakavu, nachovya, nasokota, nagongelea kwa patasi butu. Kwa miaka tisa sikuona tundu nikaliacha. Wenzangu waliniita Kizibo. Nililipenda jina hilo.

Halafu likaja soko huria. Wanunuzi binafsi wakaingia vijijini na mizani zao, wakulima wakawauzia, na chama chetu cha ushirika, wenye kiwanda, kikabaki na mashine kubwa zisizo na pamba ya kula. Karakana ikafungwa. Siku ya mwisho tulihutubiwa kwa Kiswahili kizuri, tukapewa barua za kupunguzwa kazi. Majiliwa matatu ya kubania mbao na msumeno wa umeme havikupewa barua, lakini navyo viliondoka, na baadaye nikavikuta nyumbani kwa Luhende. Luhende alikuwa bwana stoo wetu. Huyo ndiye wa kwanza katika majina yangu.

Sitasema Luhende alikuwa mjinga. Wakati sisi tunasoma barua zile mara ya pili na ya tatu kutafuta sentensi iliyojificha, yeye alishaona kwamba pesa imehama kutoka kwenye pamba kwenda kwenye samaki. Viwanda vya minofu vilikuwa vinataka sangara, na sangara lazima akusanywe kwa boti yenye barafu. Akanunua boti ya zamani ya mradi wa uvuvi uliokufa, iliyokuwa imelala ufukoni mwa ziwa huku Lamadi miaka kumi. Jina lake lilikuwa Kabula, limechongwa ubavuni. Akanichukua mimi na Nkwabi tukatengeneze ndani.

Nkwabi ndiye wa pili. Tulianza kazi mwaka mmoja kiwandani, tulikula michembe, vile viazi vikavu, kutoka mfuko mmoja, na mkewe aliuguza mtoto wangu. Luhende alimfanya msimamizi kwa sababu anajua kuongea na wakubwa. Mimi sikujali. Nilitaka mbao.

Na mbao zilikuwepo. Mjue kwamba Kabula ilijengwa kwa mvule na mafundi wa zamani ambao hatujui hata majina yao, futi thelathini na nane, yenye chumba mbele, stoo ya samaki katikati na injini nyuma. Tulipoingia mara ya kwanza tulikuta mbuzi wawili wamelala kwenye vitanda vya mabaharia, nyigu dari nzima, na kinyesi cha kuku hadi kwenye magoti. Lakini nilipokwangua rangi kwa kipande cha kioo, chini yake mvule ulikuwa mwekundu kama umepasuliwa jana. Nikakuta droo moja ambayo haikutaka kuvutika. Nikadhani imevimba. Nikaisukuma, nikaipiga, nikaitukana. Baadaye nikagundua inatakiwa kunyanyuliwa kidogo ndipo ivutwe, fundi aliikata pengo chini ili boti ikiyumba isifunguke yenyewe. Niliketi pale na ile droo mapajani kwa muda mrefu. Mtu aliyekufa zamani alikuwa ananifundisha kazi, na sikuwa na namna ya kumshukuru. Droo zote mnazotengeneza hapa leo zina pengo hilo. Sasa mnajua limetoka wapi.

Tulibomoa taratibu. Kila ubao niliupa namba kwa mkaa, upande usioonekana. Tulikausha chini ya nyasi, si juani, maana mvule wa miaka hamsini ukiuanika juani unapinda kwa hasira. Kuta za chumba tulizipaka mafuta ya mbegu za pamba yaliyochemshwa, kwa sababu ndiyo tuliyoyajua, na yaling'aa vizuri, ila wale mbuzi walirudi kulamba kuta na ikabidi tuweke mlango kabla ya wakati. Ule mlango niliutengeneza kwa vipande vya mninga vilivyobaki. Ulikuwa mzito kuliko ulivyopaswa. Mtaona kwamba sijuti.

Nje ya boti alifanya kazi Mzee Mafuru. Mjita, mtu wa miaka zaidi ya sitini, mjenzi wa mitumbwi aliyejulikana ghuba nzima. Kazi yake ilikuwa kukaza mbao za nje, yaani kupachika pamba katikati ya ubao na ubao kisha kuziba kwa lami. Alikuwa na kisanduku cha mninga cha vifaa, tezo mbili za kuchongea, nyundo ya mti na vyuma vyake vya kupachikia vilivyolainika kwa kushikwa. Hakumruhusu mtu akiguse. Asubuhi nilimsalimu kwa Kisukuma, mwangaluka baba, naye akanijibu vilevile kwa lafudhi ya kwao, halafu akaanza uchokozi. Alituita watu wa pamba. Alisema pamba yetu ya Bariadi haina kazi mpaka Mjita aigongee kwenye boti. Alisema sisi tunaogopa maji kama paka, na kwa upande wangu hakukosea, kwa sababu sikujua kuogelea na bado sijui.

Lakini alinifundisha. Alinifundisha kugonga mbavu za boti kwa kifundo cha kidole na kusikiliza, kwamba ubao mzima unajibu na uliooza unameza sauti. Alinionyesha kwamba boti haiko kama nyumba, nyumba imekaa, boti inajikunja siku nzima, kwa hiyo ndani yake ukifunga kila kitu kwa misumari itajivunja yenyewe. Nilimsikiliza kwa hayo yote. Jambo moja kubwa kuliko yote hakuniambia mimi. Alimwambia Nkwabi.

Ilikuwa hivi. Mafuru alipomaliza nje, alimwambia Luhende kwamba boti iliyokaa nchi kavu miaka kumi lazima ishushwe majini siku nne ikiwa tupu, mbao zinywe, zivimbe, zijifunge. Itavuja siku ya kwanza, itavuja kidogo ya pili, ya nne itatulia, ndipo ndani pafungwe. Luhende alikuwa ameshawaita watu wa kiwanda cha minofu waje waione Jumamosi. Akasema hakununua boti ili ainyweshe kama ng'ombe. Mafuru akasema basi asiitwe fundi wa boti ile. Luhende akamwambia aende. Yule mzee akaweka vyuma vyake kisandukuni kimoja kimoja, na kabla ya kuondoka akamvuta Nkwabi kando, nikawaona wanaongea karibu na mkuku, ule mti mkubwa wa chini unaobeba boti nzima, Mafuru anaonyesha kwa kidole chini ya mbavu. Nilimuuliza Nkwabi mzee amesema nini. Akasema, mambo ya wazee.

Sasa nakuja kwenye jina la tatu.

Stoo ya samaki ilitakiwa itunze barafu. Njia yetu ilikuwa ukuta wa mbao mbili, na katikati yake pumba za mpunga, ambazo tulileta kwa magunia kutoka Maswa. Juu yake bati. Kazi safi. Lakini kila nikimwaga pumba, nazikuta zinatoka nyuma kwenye injini. Nikaingia chini na taa nikaangalia. Chini ya kila ubavu wa boti, pale unapokutana na mkuku, palikuwa na tundu. Mbavu kumi na nne, matundu kumi na manne, yamenyooka mstari mmoja kutoka mbele hadi nyuma. Pumba zilikuwa zinapita humo.

Nilifanya nilichokuwa nafanya kwa miaka tisa. Nilichukua lami na pamba.

Nataka niseme kitu kuhusu matundu yale. Yalikuwa yamechongwa. Yalikuwa na mdomo laini, ukubwa mmoja, kama kikombe kidogo cha kahawa. Mchwa hafanyi hivyo. Mtu aliyekata lile pengo la droo ndiye aliyeyachonga, na mkono wangu ulilijua hilo ulipopitisha kidole. Nikauambia mkono unyamaze, maana Jumamosi ilikuwa karibu na mimi ni Kizibo. Nilifunga yote kumi na manne siku moja. Nilifunga vizuri. Nikamwita Nkwabi aone, nikajisifu kwamba sasa hata harufu haipiti. Nkwabi aliinama, akaangalia, akapitisha kidole juu ya lami. Nilidhani anastaajabu kazi yangu. Akasema, "Safi. Funga sakafu." Nikafunga sakafu, mbao zikakutana, ukiweka jicho huoni mwanga.

Jumamosi asubuhi Kabula ikashushwa. Watu walijaa ufukoni. Wageni wa kiwanda cha minofu waliingia chumbani, wakavuta droo zangu, wakapapasa kuta, wakasifu. Tukatoka. Ndani tulikuwa Luhende, Nkwabi, wageni wawili, Doto aliyeendesha injini, na mimi niliyekaa karibu na mlango wangu nikishika kitu kwa kila mkono. Tulikwenda vizuri karibu saa nzima, tukizunguka bila kwenda mbali na ufuko. Luhende alimwambia Doto apige pampu watu waone. Pampu ilikuwa nyuma, kwenye kisima ambacho maji yote ya ndani ya boti hutakiwa yafikie. Doto akapiga. Ikavuta hewa. Akainama, akaangalia kisima, akasema hakuna hata tone.

Luhende akacheka kwa sauti. "Mnaona? Yule Mjita alitaka kuiloweka siku nne. Kavu kama stoo ya serikali."

Wote walicheka, hata mimi. Boti ya miaka hamsini, siku ya kwanza majini, na kisima kikavu. Hakuna aliyejiuliza inawezekanaje. Mafuru angejiuliza. Kabula ilikuwa inavuja kama kila boti inavyovuja siku ya kwanza, alivyosema yeye, lakini maji yalikuwa yanaingia mbele na kukaa mbele, kila pengo la ubavu kwa ubavu limejaa kimya chini ya sakafu isiyopitisha mwanga, na pampu iko nyuma inavuta upepo.

Ndipo pua ya boti ikaanza kulala majini. Nkwabi akasema ni uzito wa barafu tuliyopakia. Doto akasema sivyo, akaanza kugeuza turudi. Katika kugeuza wimbi moja la kawaida kabisa likapanda mbele na halikushuka. Sakafu yangu ilinyanyuka kwa mara moja, mbao tatu zikaruka, na maji yakatoka chini yake meusi na pumba za mpunga zinaelea juu. Nilipoona pumba zile mbele, zilizopenya kabla sijaziba na sasa hazina njia ya kurudi nyuma, nikajua. Kabla sijaogopa kufa nilijua nimefanya nini.

Tulikuwa tumekaribia ufuko, ndiyo maana sote tuko hai. Kabula ilikaa chini na paa la chumba likabaki nje. Wageni na Luhende walipanda juu ya paa. Mimi maji yalinitoa mlangoni pamoja na mlango. Ule mlango mzito wa mninga ulielea. Nikaukumbatia, nikanywa ziwa kiasi changu, na aliyenikuta nimeganda pale alikuwa Mafuru, amekuja na mtumbwi wake kutoka nyumbani baada ya kusikia kelele. Alinishika ukosi. "Achia mlango, mtu wa pamba. Shika hapa." Nilikataa kuachia, ikabidi avute vyote viwili. Kwake mkewe alinikausha moto na kunipa uji, na usiku wote nilikohoa, sikuweza kuwatazama usoni.

Luhende alipofika nchi kavu hakuhitaji muda kufikiri. Boti imejaa maji, maji yameingia kwa nje, nje alifanya Mafuru. Nkwabi akasema hivyo hivyo. Mafuru akawekwa kituo cha polisi siku nne. Alipotoka, watu wa ghuba walikuwa wameshasikia kwamba mikono ya mzee imekwisha, kwamba boti yake imezama na wageni siku ya kwanza. Hakuna aliyemletea mtumbwi tena, hata wa kuziba ufa. Mtu aliyejenga nusu ya mitumbwi mnayoiona ufukoni akawa anaanika dagaa na wanawake.

Na mimi? Luhende alinifungulia karakana ya samani Bariadi, kwa majiliwa yale yale. Nilitengeneza vitanda na milango. Miezi miwili. Mtu aliyenitoa majini anaanika dagaa kwa tundu nililoziba mimi, na mimi naranda. Jina la tatu ni Shija, fundi wenu. Luhende aliharakisha kwa tamaa, Nkwabi alinyamaza kwa dharau, lakini pamba ilikuwa yangu na lami ilikuwa yangu.

Kiangazi Luhende aliamua kuitoa Kabula. Alileta jozi nane za ng'ombe wa kulimia na wenyewe kutoka Kimali, watu wa ng'ombe kwelikweli, wakafunga minyororo, wakaimbia ng'ombe wao, na boti ikapanda mchanga siku moja. Akamwita mwenyekiti wa kijiji na wazee, mbele ya boti, kwa shauri moja. Alitaka vifaa vya Mafuru vichukuliwe, asijenge tena, asizamishe watu wengine. Nilikuja naye kwenye gari. Njiani alinielekeza niseme ndani kulikuwa safi, basi, nisiongeze. Nkwabi akaongeza kwa Kisukuma, "Bebe Shija," yaani wewe Shija, "usijifanye padri."

Mafuru alikuja peke yake, kisanduku cha mninga kichwani. Hakungoja watu waende kukichukua kwake. Alikitua nyuma ya boti, akatazama waliokuwepo, akaniona. Nilidhani atatema mate. Akasema, "Pole na safari, mtu wa pamba. Kile kifua kilipona?"

Luhende alizungumza. Nkwabi alizungumza. Mwenyekiti akamuuliza Mafuru kama ana la kusema. Akasema kidogo tu, kwamba aliomba siku nne akanyimwa, na kwamba alimwachia Nkwabi neno wasifunge njia ya maji chini ya mbavu. Nkwabi akasema hakuambiwa kitu. Mwenyekiti akanigeukia, akaniuliza mimi fundi wa ndani nilionaje.

Nikaomba debe la maji.

Luhende akauliza la nini. Mmoja wa watu wa Kimali alikuwa nalo la kunyweshea ng'ombe, akanipa. Nilipanda botini, nikang'oa mbao za sakafu zilizobaki, nikaziweka kando kwa namba. Nikamwomba Mzee Mafuru asimame nyuma kwenye kisima cha pampu na mwenyekiti asimame naye. Nikamwaga debe lote mbele. Maji yakakaa. Wazee wakainama kuangalia. Nikamwuliza mwenyekiti kwa sauti kama yamefika nyuma. Akasema kukavu. Nikamwaga la pili. Kukavu.

"Hayawezi kufika," nikasema. "Njia niliifunga mimi. Mzee alifanya kazi yake vizuri, ubaya uko huku ndani."

Luhende akasema kwamba nimechanganyikiwa, kwamba nimepigwa na ziwa kichwani. Nikachukua patasi nikapiga magoti kwenye ubavu wa kwanza. Pamba yangu haikutaka kutoka. Miezi miwili chini ya maji na bado imekaza. Nilikuwa fundi mzuri, ndilo lililouma. Nikachimba, ikatoka nyeusi kama kinyesi cha ng'ombe, nikaiweka kiganjani mwenyekiti aione. Maji yakapita ubavu wa kwanza yakasimama kwenye wa pili. Nikahamia wa pili. Watu wakashuka pembeni wakawa wananifuata kwa nje, ubavu kwa ubavu, mtu wa Kimali ananiongezea debe nyuma yangu maji yasiishe. Nilisikia patasi na ng'ombe wakicheua. Kwenye ubavu wa saba Nkwabi aliondoka, nikamwona anakwenda barabarani bila gari. Mpaka leo akiniona Bariadi anavuka upande wa pili. Luhende alibaki mpaka wa kumi, akakumbuka ana shughuli. Yeye alifanikiwa sana baadaye, ana magari ya pamba, anakaa benchi la mbele kanisani, na hajawahi kumwambia yule mzee hata neno moja. Niandikieni hilo nikifa.

Nilipofika ubavu wa kumi na nne nilikuwa uso kwa uso na Mafuru. Alikuwa amekaa juu ya kisanduku chake, mkono mmoja umeingia kisimani. Nilisema, "Nisamehe, baba." Hakunitazama. Alisema miezi miwili nilikuwa nayo mdomoni, na kwamba pole ya mtu wa pamba inachelewa kama mvua ya Meatu. Kisha akasema, "Toa hilo la mwisho. Maneno baadaye."

Nikalitoa. Maji yakasita kidogo kwenye mdomo wa tundu, pumba moja ya mpunga ikatangulia, yakafuata. Mzee Mafuru aliyangoja na kiganja wazi. Yalipomgusa alifunga vidole, akainua kichwa, akasema kwa mwenyekiti, kwa wazee, kwa watu wa ng'ombe na kwa ufuko mzima, si kwa sauti kubwa:

"Yamefika."

Akasimama, akafungua kisanduku chake, akatoa tezo ndogo ambayo hakuwahi kumruhusu mtu aiguse, akanipa niyasafishe matundu yale hadi yawe kama alivyoyachonga yule fundi wa kwanza.